Shokapu Hii ni ya Pikipiki Gani?

Pikipiki kuukuu ikiletwa gereji mjini Sengerema ili ifufuliwe, macho ya wengi hukimbilia injini. Inazunguka? Pistoni imekwama? Kabureta ipo? Wana haki, maana injini iliyokufa ni gharama. Lakini anayetaka kuirudisha pikipiki ilivyotoka kiwandani angefanya vyema kuanza na sehemu ambayo watu hawaitilii shaka, nazo ni shokapu za mbele. Injini mara nyingi hubaki ileile kwa sababu ni nzito, ni ghali, na namba yake imeandikwa kwenye kadi. Shokapu hazina ulinzi huo. Ndizo zinazopokea kila shimo la barabarani, ndizo zinazopinda pikipiki ikimgonga ng'ombe, ndizo zinazoanza kuvuja oili, na fundi mwenye spana chache anaweza kuzibadilisha zote mbili kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo pikipiki ya miaka arobaini ikiwa na kitu cha kuazima kutoka kwa mwenzake, kitafute mbele.

Makala haya yanatetea jambo moja: shokapu sahihi haitambuliwi kwa jina la pikipiki, wala kwa sura, wala kwa kuingia kwake. Inatambuliwa pale namba, vipimo na alama za matumizi vinapotoa jibu moja. Jina na sura ni fununu tu. Na uamuzi wa kuifunga spea ya asili au mbadala ni swali la pili, ambalo halijibiki mpaka la kwanza limejibiwa. Wengi huanza na la pili, ndipo fedha zinapopotea.

Historia ya upande huu wa Ziwa Victoria inaeleza kwa nini jambo hili ni gumu hapa kuliko lilivyo kwa mtu wa London mwenye pikipiki iliyolala bandani miaka yote. Pikipiki za mwanzo zilikuja na watu wa kazi: mapadri waliozungukia vigango, mabwana shamba wa pamba, watu wa afya, na baadaye miradi ya wafadhili yenye vibao vya DFP. Mashine za Uingereza zilitangulia, za Japani zikafuata. Halafu ikaja miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, fedha za kigeni zilikuwa haba, na uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation. Spea haikununuliwa, ilisakwa. Fundi alichukua mguu wa mashine hii, bomba la ile, springi ya ile nyingine, akairudisha pikipiki barabarani, na hakuna wa kumlaumu. Serikali iliporuhusu, mwaka 1984, watu waagize bidhaa kwa fedha za nje walizojipatia wenyewe, spea zilianza kuonekana tena madukani, ila tayari kizazi kizima cha pikipiki kilikuwa kimechanganywa damu. Kisha likaja wimbi la pikipiki za Kichina na Kihindi, biashara ya bodaboda ikatambuliwa kwa kanuni za mwaka 2010, na maduka yakajaa shokapu mpya za bei nafuu. Kila tabaka la historia hiyo linaweza kuwa limeacha kipande chake kwenye pikipiki moja.

Jiografia nayo iliongeza lake. Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji, spea ya Mwanza ilivuka kwa kivuko, ama hapo ama Kamanga. Sili ya shokapu iliyozidi milimita moja ilikuwa na nauli yake ya kwenda na kurudi, pamoja na foleni. Mtu asiyetaka kuvuka mara ya pili aliilazimisha. Leo foleni ya Busisi imekwisha, lakini zile sili zilizolazimishwa zamani bado zimo ndani ya shokapu, na atakayezifungua leo atadhani ndizo kipimo sahihi.

Shokapu yenyewe ikoje? Ile tuliyoizoea ina bomba la chuma lililopakwa kromu, limebanwa juu na mabano mawili, na linateleza ndani ya mguu wa alumini ambao chini yake hupita ekseli. Ndani kuna springi inayobeba uzito, na oili inayopenya kwenye matundu madogo ya fimbo ya ndani ili mwendo wa juu na chini usiwe wa kurukaruka. Mlangoni mwa mguu hukaa sili inayoilinda oili isipande na vumbi lisishuke. Muundo huu si wa tangu mwanzo wa pikipiki. Mashine za kale zilikuwa na uma wa vyuma vilivyounganishwa kwa viungo na springi moja kubwa katikati. BSA M20, ambayo jeshi la Uingereza liliitumia kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na uma huo. BMW ndiyo iliyoingiza sokoni shokapu za mabomba zenye oili, mwaka 1935, kwenye R12 na R17. BSA Bantam ya kwanza, iliyotoka 1948, ilikuwa na mabomba yanayoteleza lakini yaliyopakwa grisi, bila oili ya kutuliza mwendo. Na Honda Super Cub ya 1958, ile ambayo kwa wengi ni "Honda 50", haikuwa na bomba linaloteleza kabisa: gurudumu la mbele lilishikwa na vikono vifupi vinavyocheza chini ya uma wa bati. Anayeikuta Bantam ya awali ikiwa na shokapu za oili, au Cub ya miaka ile ikiwa na mabomba ya kromu, tayari ana jibu la swali lake bila kipimo chochote. Shida ni pikipiki zinazofanana.

Na hakuna zinazofanana kama Honda CG125 na jamaa zake. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambako pikipiki ni ng'ombe wa kulimia: walirudi kwenye injini ya fimbo za kusukuma vali badala ya mnyororo wa juu, kwa kuwa walijua wateja wake wengi hawatabadilisha oili kwa wakati. Ilikubalika kupita matarajio. Ikaundwa Japani, ikaundwa Brazili, baadaye Pakistani na Uturuki, kwa zaidi ya miaka thelathini chini ya jina lilelile. Viwanda vya China vikaichukua injini yake na kuizalisha kwa majina yasiyohesabika, hivi kwamba pikipiki nyingi za Kichina zilizobeba abiria kwenye barabara za Nyehunge na Kahunda, upande wa Buchosa, ni wajukuu wa CG, wajijue wasijijue. Hapa ndipo mtego ulipo. Fundi anaona injini ni ileile, gasketi zinaingiliana, pistoni inafaa, kisha anahitimisha kwamba na shokapu ni zilezile. Lakini walioiga injini hawakulazimika kuiga mbele yake. Injini ni jambo gumu kubuni upya. Shokapu kila kiwanda hununua kwa muuzaji wake, kwa unene na urefu unaolingana na rimu, tairi na bei anayoitaka. Undugu wa injini hauthibitishi undugu wa shokapu. Hata CG mbili za Honda zenyewe, moja ya kiwanda kimoja na nyingine ya kingine, au moja ya mwanzo na nyingine ya miaka ishirini baadaye, hazina sababu ya kuaminiwa kuwa sawa mpaka zipimwe.

Basi ushahidi wa kwanza ni namba. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale pale shokapu zinapofungwa, na kwa CG huanza na herufi na tarakimu za jina lake, CG125, kisha mfululizo. Hiyo ndiyo ya kuanzia, si mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Mwaka wa kadi unaweza kuwa wa kusajiliwa upya, au wa mashine iliyokaa bohari ya mradi muda mrefu kabla ya kuwekewa kibao. Ukiwa na namba ya chasisi unaingia kwenye kitabu cha spea cha modeli hiyo, chenye michoro ya vipande vilivyotawanywa, na hapo unakutana na lugha ambayo wauzaji wengi wanaisoma nusu tu. Namba ya spea ya Honda ina mafungu matatu. Tarakimu tano za mwanzo zinasema ni kitu gani: 51400 ni shokapu kamili ya kulia, 51500 ya kushoto, 51410 ni bomba la juu. Fungu la kati linasema spea hiyo ilichorwa kwanza kwa ajili ya modeli ipi: 383 ni CG125, 300 ni CB750 ya kwanza. Fungu la mwisho linaonyesha mabadiliko. Kwa Yamaha mpangilio umegeuka: herufi na tarakimu za modeli zinatangulia, kisha tano za aina ya kitu, ambapo 23145 ni sili ya shokapu na 23141 ni springi. Mtu akijua hili hahadaiwi na boksi lililoandikwa "CG/XL/DT" kwa kalamu ya wino, kana kwamba modeli tatu za makampuni mawili zilikubaliana usiku mmoja.

Namba zina mipaka yake, tena inafaa kuisema kabla mpinzani hajaisema. Kwanza, namba iko kwenye boksi na kitabuni, mara chache kwenye chuma chenyewe. Unachokuta kwenye mguu wa alumini mara nyingi ni jina la aliyeutengeneza: Showa, aliyewatengenezea Honda shokapu nyingi, au Kayaba, anayeonekana zaidi kwa Yamaha, Suzuki na Kawasaki. Jina hilo linakusogeza karibu, lakini Showa alitengeneza shokapu za modeli nyingi mno. Kusema "hii ni Showa kwa hiyo ni ya CG" ni sawa na kusema mtu ni Msukuma kwa hiyo ni wa Buchosa. Pili, kiwanda hubadilisha namba: spea ya zamani hufutwa na mpya ikachukua nafasi yake, yenye fungu la kati la modeli nyingine kabisa, na bado ni sahihi. Kwa hiyo namba ikikataa, usiitupe spea papo hapo. Peleka shauri kwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia unene.

Kwenye vipimo ndipo jambo hili linapokuwa tamu. Cha kwanza ni unene wa bomba la kromu, na mahali pa kupimia si pale linapong'aa. Sehemu inayopita kwenye sili imesuguliwa miaka nenda rudi, na kutu ya unyevu wa ziwa imeila ikaacha vidonda vidogo kama vya ndui. Pima juu, ndani ya eneo lililokuwa limebanwa na bano, ambako chuma hakijaguswa na kitu. Pima mara mbili, kalipa ikizungushwa robo duara, maana bomba lililopigwa huwa na umbo la yai kidogo. Ukisoma 27, 30, 31, 33 au 35 uko katika dunia ya Wajapani na walioiga kwao. Ukisoma 28.6 usihangaike na spea za Japani, kwa sababu hiyo ni inchi moja na sehemu ya nane, na Waingereza walifikiri kwa inchi hadi mwisho. Hata nati zao nyingi za zamani zinadai spana za Whitworth, na fundi anayezifungua kwa spana ya milimita anazitafuna kona. Sili nayo ina vipimo vyake vimeandikwa juu ya mpira kwa herufi ndogo: tundu la ndani, kipenyo cha nje, kimo. Sili ya 31-43-10.3 na ile ya 33-46-11 huwezi kuzikosea. Hatari ni tofauti ya milimita moja. Sili ya 30 ikilazimishwa kwenye bomba la 31 inaingia, inashika vizuri, na inamfurahisha kila mtu kwa wiki chache mpaka mdomo wake uungue kwa msuguano. Na bomba la 30 kwenye bano la 31 hukazwa kwa kipande cha bati la kopo la soda kilichokunjwa ndani. Ukilegeza bano la pikipiki kuukuu na kipande cha namna hiyo kikadondoka mchangani, kichunguze kabla ya kukitupa: kinakwambia kwamba bano na bomba havikuzaliwa pamoja, na kwamba huenda kimoja kati ya hivyo viwili, labda bano, bado ni cha asili.

Alama za matumizi ni shahidi wa tatu, na mara nyingi ndiye mkweli kuliko wote. Bomba lililobanwa mahali pamoja kwa miaka thelathini lina mikanda miwili hafifu, mmoja wa bano la juu na mmoja wa la chini. Pima umbali kati ya mikanda hiyo, kisha pima umbali kati ya mabano ya pikipiki iliyo mbele yako. Visipolingana, bomba hilo lilikulia nyumba nyingine. Rangi nayo husema: chini ya taa ya mbele na chini ya masikio yanayoishika kuna kivuli cha rangi ya kiwandani ambacho jua halikukifikia. Gololi za shingoni zihesabiwe na zipimwe zinapotoka, juu na chini kando kando, maana mashine nyingi za zamani hazikuwa na beringi za kisasa bali gololi huru ndani ya vikombe, na aliyepoteza mbili tatu hakosi kujaza za baiskeli.

Lakini kipande kinachonifanya niseme kwamba suala hili si la wapenda vitu vya kale peke yao ni kidogo, na wengi hawajawahi kukitazama. Kwenye breki ya ngoma, viatu vya breki vimebebwa na sahani iliyo upande mmoja wa gurudumu. Unapobana breki, viatu vinashika ngoma inayozunguka, na sahani nayo inataka kuzunguka pamoja nayo. Kinachoizuia ni nundu moja ya alumini kwenye mguu wa shokapu, inayoingia kwenye mfereji uliochongwa pembeni mwa sahani. Basi. Nundu hiyo ndogo kuliko kidole gumba ndiyo inayobeba nguvu yote ya breki ya mbele. Ndiyo sababu mguu wa kulia na wa kushoto ina namba tofauti kitabuni. Sasa chukua mguu wa pikipiki ya breki ya diski, au ambao nundu yake iko upande wa pili, au ulio na nundu nyembamba kuliko mfereji. Ekseli inapita, gurudumu linazunguka, madigadi inafungika, pikipiki inaendeshwa mtaani bila kelele. Siku dereva atakapobana breki kwa nguvu akiteremka, sahani itageuka, itavuta waya wa breki na kuuzungushia kwenye ekseli, na gurudumu la mbele litakwama. Wapo wanaotengeneza kizuizi cha mpira wa tyubu au cha waya. Hicho hakifai kuitwa ukarabati.

Urefu nao haukopeshi, ingawa hukumu yake huja polepole. Ukiuchora mstari wa shingo ya fremu ukaurefusha hadi ardhini, unagusa chini mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Umbali huo mdogo ndio unaolifanya gurudumu la mbele lijinyooshe lenyewe, kama gurudumu la toroli la hospitali linavyofuata nyuma ya kiungo chake. Chukua pikipiki ambayo ekseli zake zimeachana milimita 1,200 na uinyanyue mbele kwa sentimita tatu kwa shokapu ndefu za pikipiki ya porini. Fremu nzima inalala nyuma kwa takriban digrii 1.4. Inaonekana si kitu, lakini usukani unakuwa mzito kwenye kona za taratibu, stendi ya pembeni inaiacha imeinama kupita kiasi, na mnyororo na kiti havikai tena kama mbunifu alivyokusudia. Ukiishusha, usukani unakuwa mwepesi na wenye wasiwasi kwenye mwendo kasi. Na urefu wa bomba peke yake hautoshi kulinganisha: tangu miaka ya mwisho ya 1970 pikipiki nyingi za porini zilihamishiwa ekseli mbele ya mguu badala ya chini yake, na mabano ya kila modeli huyasogeza mabomba mbele ya shingo kwa umbali wake. Mabomba mawili yanayolingana kwa kila hali yanaweza kuiweka ekseli mahali pawili tofauti.

Mpinzani wa kwanza ni yule asemaye: imeingia, inatembea, nini zaidi? Nimeshamjibu kwa nundu ya breki, ila nina nyongeza. Kuingia ni kipimo cha sehemu zinazogusana tu: bano na bomba, ekseli na tundu lake. Hakupimi springi iliyo laini kwa uzito wa mashine, wala oili nyepesi mno, wala urefu. Kwa bodaboda inayohitaji kurudi kijiweni leo jioni, kuingia kunaweza kutosha kwa siku chache, na sitamhubiria mtu anayetafuta hesabu ya bosi. Kwa pikipiki inayofufuliwa, ambayo mwenyewe ana miezi ya kuisubiri, haraka hiyo haipo.

Wa pili ana hoja nzito zaidi: mafundi wazoefu wa Sengerema na Mwanza wamefunga shokapu maelfu, wanaijua spea kwa kuishika tu. Ni kweli, na mara nyingi wanapatia. Lakini uzoefu wao umejengwa juu ya pikipiki wanazozifungua kila siku, yaani Boxer, TVS na za Kichina, na jicho hutafuta kile lililokizoea. Mbele ya mashine ya 1978 uzoefu huohuo unaweza kumvuta fundi aone jamaa wa karibu badala ya mwenyewe. Jicho litambue ukoo, kalipa imtambue mtu. Waliokwenda kwenye picha za mtandaoni nao wajue kwamba pikipiki inayong'aa kwenye picha ya Ulaya ilifufuliwa na mtu kama wao, na kosa lake likishapigwa picha vizuri huigwa na mamia. Mchoro wa kitabu cha kiwanda hauna mvuto, lakini haukuchorwa kutokana na pikipiki iliyokwisha kuchezewa.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Anasema: shokapu ya Kichina iliyofungwa kwenye CG ya bwana shamba mwaka 2006, au mguu ulioazimwa wakati wa uhaba, ni historia ya kweli ya pikipiki hiyo. Ilitembea hapa, si Tokyo. Kwa nini tuifute ili kumpendeza mchoraji wa kiwandani? Nakubaliana naye zaidi ya nusu. Pikipiki iliyorudishwa "kama mpya" inaweza kuwa imepotezewa ushahidi wote wa kazi iliyofanya. Ila hoja yake yenyewe inadai kwanza ijulikane kipi ni cha kiwandani na kipi ni cha 2006. Asiyeweza kuvitofautisha hahifadhi historia, anaacha tu vitu vilivyo. Tena kuna kinachoweza kuhifadhiwa kikiwa kimefungwa, kama madigadi au bano la rangi nyingine, na kuna kinachopaswa kuhifadhiwa kwenye sanduku, kama mguu usio na nundu.

Na spea ya asili ikikosekana kabisa? Hapo kutambua kunalipa mara mbili, kwa sababu mtu anayejua vipimo vyake anaweza kununua mbadala kwa akili. Mguu wa alumini hudumu sana. Kinachokufa ni bomba na sili. Bomba likibingirishwa juu ya kioo kinene huonyesha kama limepinda: mwanga unapenya chini yake na kufunga, unapenya na kufunga. Lililopinda kidogo fundi wa mashine ya kukerezea mwenye mkono mzuri anaweza kulinyoosha. Lililokunjamana halina dawa. Vidonda vya kutu vikiwa juu, ndani ya eneo la mabano, havidhuru sili. Vikiwa pale sili inapopita, kubadilisha sili kila mwezi ni kulisha mwizi. Tafuta bomba jipya la unene na urefu uleule, hata kama boksi lake lina jina la pikipiki usiyoijua, ilimradi matundu ya ndani na nyuzi za bolti ya chini vikubaliane na fimbo yako. Mbadala uliopimwa ni bora kuliko "orijino" ya maneno ya muuzaji.

Kadi ya pikipiki ina nafasi ya namba ya chasisi na ya injini. Ya shokapu haina. Hivyo vipimo vilivyopatikana, yaani unene wa bomba chini ya bano, urefu wake, sili zilizoingia, idadi ya gololi juu na chini, oili kiasi gani kila mguu, na kipi ni cha kiwandani kipi si chake, vinahitaji karatasi yao. Iandikwe kwa wino usiofutika na maji, itiwe kwenye mfuko wa plastiki, ikunjwe pamoja na spana chini ya kiti, mahali ambapo fundi atakayeifungua tena shokapu hiyo atatia mkono kwanza.